Walitaka raha na mbio kwenye boti moja: kisa cha boti mbili za matanga zilizotumika

Jamaa yangu na mkewe walikuwa wanatafuta boti ya matanga iliyotumika, ya mita kumi na moja mpaka kumi na mbili hivi, ya kukaa ndani miezi kadhaa kila mwaka na kusafiri nayo wao wawili tu bila kuajiri baharia. Sharti lao likawa lile lile la kila mnunuzi, iwe na raha alafu iwe na mbio. Hilo neno nimeshalisikia mpaka nimechoka kulibishia, maana wauzaji nao wanalijua, hakuna tangazo utakalosoma likakwambia boti hii ni nzito kama jiwe na ndani inabana. Zote zina raha, zote zina mbio, na zote mwenyewe anauza roho inamuuma.

Kabla hatujaenda kuangalia chochote nikawaomba kitu kimoja, kila mtu aniambie peke yake, mwenzake asisikie, raha kwake ni nini. Jamaa akasema kitanda kipana, friji, maji ya moto, na kusimama wima ndani bila kugonga kichwa. Shemeji akanyamaza kidogo akasema, "Raha kwangu ni kufika kabla ya giza." Alafu akaongeza, "Na nisitapike." Hapo nikacheka, kumbe yule tuliyekuwa tunamuona mtu wa raha ndo mtu wa mbio, na yule mwenye maneno mengi ya mbio alikuwa anatafuta nyumba. Na hesabu iko upande wa shemeji: safari ya maili 60 za baharini kwa noti 5 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) ni saa 12, kwa noti 6 ni saa 10. Noti moja tu, lakini hizo saa mbili ndo tofauti ya kutia nanga huku unaona mchanga chini na kutia nanga kwa tochi huku mnafokeana.

Tukachuja chuja mpaka zikabaki boti mbili ambazo hela yao ilikuwa inazifikia. Nitaziita Nyepesi na Nzito, majina yake ya kweli hayatusaidii.

Nyepesi ilikuwa ya mwaka 2001, mita 12, urefu wa pale inapokata maji mita 10.5, uzito kilo 6,800, matanga mita za mraba 78, upana mita 3.75, na mkuku, yaani lile pezi zito la chini ya boti, umeshuka mita 2.4 chini ya maji. Nzito ilikuwa ya 1989, mita 11.5, urefu wa kwenye maji mita 9.2 tu kwa sababu omo na tezi zake, yaani pua na mkia, zimelala sana, kilo 8,200, matanga 66, upana 3.55, mkuku mita 1.9. Ndani ya Nyepesi kweupe, madirisha makubwa, vitanda viwili nyuma. Ndani ya Nzito mbao kila mahali, giza giza, harufu ya dizeli na ya vitabu vya zamani. Jamaa akaipenda Nyepesi pale pale mlangoni, hata viatu hajavua.

Sasa kuna hesabu ambazo watu wa boti wanazipenda sana, nazifanya ila siziabudu. Ya kwanza ni ya tanga kwa uzito: unachukua ukubwa wa maji ambayo boti inayasukuma pembeni, unageuza kidogo kihesabu, unagawanya eneo la matanga kwa hiyo. Ukipata 16 mpaka 18 hiyo ni boti ya kawaida ya safari, ukivuka 20 unaingia kwenye ukoo wa mashindano. Nyepesi ilipata 22, Nzito 16.5. Ya pili inapima uzito kwa urefu wa kwenye maji, chini ya 200 ni nyepesi, kuelekea 300 ni nzito: Nyepesi 164, Nzito 294. Ya tatu ni ile kanuni ya mzizi, ambayo boti ya kawaida ikiwa inalima maji bila kupanda juu ya mawimbi yake inaishia kwenye noti 1.34 mara mzizi wa pili (kipeo cha pili) wa urefu wake wa kwenye maji kwa futi. Hapo Nyepesi noti 7.9, Nzito 7.4. Angalia hiyo tofauti, nusu noti tu. Kwenye upepo mzuri hizi boti mbili zinakaribiana, pengo lake liko kwenye upepo mdogo na kwenye kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata kona, na watu wanaosafiri kwa starehe muda mwingi wanangoja upepo wa wastani, hawaendi kutafuta dhoruba.

Ya nne ni ile ya kupinduka, ambayo ilipata umaarufu baada ya mashindano ya boti za matanga ya Fastnet ya 1979 ambapo dhoruba iliua mabaharia 15 wa mashindano. Unachukua upana unalinganisha na uzito, wanataka ibaki chini ya 2. Nyepesi 2.0 kwenye ukingo kabisa, Nzito 1.78. Mi hii naichukulia kama kipimo cha jicho tu kwa sababu haijui farumi, ule uzito wa kuituliza boti, iko wapi, unaweza kuweka madini yote ya risasi juu ya mlingoti na bado namba ikakwambia uko salama.

Jamaa aliposikia 22 kwa 16.5 akaona mjadala umeisha. Nikamwambia subiri, hizo ni boti tupu, wewe huendi baharini na boti tupu. Tukakaa na karatasi tukaandika mzigo wa kweli: watu wawili, maji lita 350 ambayo ni kilo 350, dizeli lita 180 ambayo ni kama kilo 150, nanga ya kilo 25 na mnyororo wa milimita 10 mita 60, ambao peke yake unakaribia kilo 140. Weka kiboti cha kushukia na mashine yake, betri na sola, chakula, vifaa vya fundi, spea, nguo, vitabu vya shemeji, boya la kuokolea. Tukafika kilo 1,500 na bado hatujaandika baiskeli ambazo jamaa alikuwa anazisemea pembeni kwa sauti ndogo.

Ukiongeza hizo kilo, Nyepesi inashuka kutoka 22 mpaka 19.3, na Nzito inashuka kutoka 16.5 mpaka 14.7 hivi. Watu wanasema boti nyepesi ikipakiwa inapoteza mbio zake zote, hapa haikuwa hivyo, Nyepesi iliyojaa bado ilikuwa na nguvu kuliko Nzito tupu. Nakiri mpaka hapo hata mimi nilikuwa naelekea kwa Nyepesi. Ila kuna kitu hesabu haisemi, ni wapi huo mzigo unakaa. Kwenye omo jembamba la boti nyepesi ukiweka nanga na mnyororo wote ule, inaanza kutikisa kichwa kama farasi wa mbao, kila wimbi inachomeka pua inasimama, na wenye kichefuchefu ndo wanaumia hapo.

Tukatoka nazo siku mbili tofauti. Upepo siku ya Nyepesi ulikuwa noti 14, mawimbi kama mita moja, siku ya kawaida tu. Na boti ilikwenda jamani, nisidanganye, unagusa usukani kwa vidole viwili inageuka, tunapiga bisho kwa noti 6 na nusu, jamaa anacheka peke yake. Mi nikashuka ndani. Hii ni tabia yangu, muuzaji akiwa juu anafurahisha mnunuzi mi nashuka chini nakaa kimya nasikiliza. Nikafungua mlango wa choo nikaufunga, sawa. Tulipogeuza upande wa pili nikajaribu tena, mlango ukagoma. Umebana juu kwenye pembe, inabidi usukume kwa bega. Tukarudi upande wa kwanza, ukafunga vizuri. Nikarudia mara nne na majibu yakawa yale yale.

Mlango wa choo hauna kosa. Mlango umefungwa kwenye ukuta wa mbao unaokata boti kwa upana, na ule ukuta kazi yake ni kushika umbo la boti pale nyaya za mlingoti zinapovuta. Mlango ukibana upande mmoja na kulegea upande mwingine maana yake kuna kitu kinacheza, aidha ule ukuta umeachana na faiba pale ulipogandishwa au sakafu ya boti chini inajikunja kuliko inavyotakiwa. Kwa boti nyepesi kidogo kucheza kupo, sikatai, ila huku ni kubana kwa bega bwana. Sikumwambia muuzaji kitu. Nikamwambia mkaguzi.

Siku ya Nzito upepo ulikuwa noti 9. Pole pole mpaka inaudhi. Noti 3 na nusu, tukigeuza inasimama inafikiria kwanza, jamaa anaangalia saa. Shemeji akashuka kuchemsha chai, akaja na vikombe vinne viwili kila mkono, akapita ngazi, akakaa, hakuna tone lililomwagika. Hakuna aliyesema kitu lakini niliona jamaa ameona. Jikoni kwake kuna kona ya umbo la U unaingia unajibana kiuno, boti ilale upande wowote wewe uko pale pale. Kwenye Nyepesi jiko lilikuwa refu limenyooka ubavuni, zuri sana mkiwa bandarini, baharini unapika huku mkono mmoja umeshika dari.

Ila nikiwa juu niliangalia tanga la mbele la Nzito nikaona jambo. Tumbo la tanga limerudi nyuma. Tanga zima tumbo lake, yaani pale lilipojaa zaidi, liko karibu na mbele au katikati, na nyuma linanyooka upepo utoke vizuri. La kwake kitambaa kimevutika miaka, tumbo limehamia nyuma kama mfuko wa mchele, na nyuma limejikunja kurudi ndani. Tanga la hivyo halivuti boti mbele, linailaza upande, na likiilaza usukani unakuwa mzito kwa sababu boti inataka kupanda joshi yenyewe, yaani kugeukia upepo unakotoka, unaishia kupigana na usukani na hupati mbio. Mwenyewe alisema matanga yako vizuri tu, hayajachanika. Kweli hayajachanika. Chini ya maji pia ilikuwa na rafadha, ile feni ya mashine ya kusukuma boti, ya mapanga matatu isiyokunja, ile ukizima mashine inabaki inaburutwa kama ndoo, na mwenyewe alikiri boti haijatolewa majini kusafishwa mwaka mmoja na nusu. Nikawa najiuliza hii noti 3 na nusu ni ya boti au ni ya uchafu?

Tukalipa mkaguzi kwa boti zote mbili, na kuzitoa majini zote mbili. Jamaa alilalamika, ni hela ya kutupa kwa boti moja ambayo hutanunua. Mi naona ndo hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye kisa hiki.

Nyepesi ilipopanda juu ikaning'inia kwenye mikanda, mkaguzi hakwenda mbele, alikwenda moja kwa moja nyuma ya mkuku pale unapoungana na tumbo la boti. Mbele kulikuwa na ufa mwembamba wa tabasamu, hiyo wala haikumshtua, boti nyingi za mkuku wa bolti zinao na mara nyingi ni rangi na gundi tu iliyopasuka. Akaingia ndani akang'oa mbao za sakafu. Boti za aina hii chini huwa na kitu kama fremu ya mataruma ya faiba, imetengenezwa pembeni kama sinia lenye vyumba vyumba, alafu ikagandishwa kwa gundi kwenye tumbo. Hiyo fremu ndo inabeba kazi yote ya mkuku. Akaanza kugonga na kinyundo kidogo cha plastiki, ko ko ko ko, ko ko, pu. Akarudi. Ko, pu. Akachukua chaki akazungushia. Kufika mwisho alikuwa amechora duara tatu, zote nyuma ya bolti ya mwisho, na katikati ya mbili kulikuwa na mpasuko ambao mtu aliupaka rangi nyeupe juu vizuri kabisa, ila rangi ile ilikuwa nyeupe zaidi ya nyeupe ya jirani yake.

Kwa wasiojua: boti ikigonga mwamba kwa mbio, ncha ya chini ya mkuku inasimama lakini boti inataka kuendelea, kwahiyo mkuku unajaribu kulala, mbele unavuta bolti chini na nyuma unasukuma tumbo juu. Uharibifu mkubwa unajificha nyuma, ndani, chini ya sakafu ambapo mnunuzi haangalii. Muuzaji alipoulizwa akasema iligusa mchanga mara moja, kidogo tu. Mchanga haufanyi vile.

Na hili sio jambo la kutishana. Mwezi Mei 2014 boti inayoitwa Cheeki Rafiki, ya mita 12 hivi, ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ya kaskazini ikitoka kisiwa cha Antigua huko Karibea kurudi Uingereza, watu wanne wote wakapotea. Wachunguzi wa ajali za bahari wa Uingereza waliandika kwamba kugonga chini huko nyuma na matengenezo yaliyofuata huenda yalikuwa yamedhoofisha muunganiko wa ile fremu na tumbo la boti. Nyepesi yetu ilikuwa ya kiwanda kingine, muundo mwingine, lakini ni ukoo ule ule wa ujenzi, na swali ni lile lile, ile gundi bado imeshika? Ukiwa nje huwezi kuona, na ukiivika rangi juu ndo kabisa.

Je inatengenezeka? Inatengenezeka. Unashusha mkuku, unakata na kusaga sehemu zilizoachana, unajenga upya kwa faiba tabaka kwa tabaka, unarudisha mkuku na bolti mpya. Fundi mzuri anaifanya iwe imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Ila hakuna fundi atakayekupa bei kamili kabla hajafungua, na muuzaji alikuwa tayari kushusha asilimia 8 tu ya bei. Jamaa akasema asilimia 8 ni nyingi. Shemeji akauliza, "Ya nini?" Basi, ikaishia hapo.

Hata hivyo Nzito nayo haikuwa malaika. Ripoti yake ilikuwa na kurasa nyingi kuliko ya Nyepesi, na hapa ndo wanunuzi wengi wanakosea, wanahesabu kurasa. Sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, ilikuwa imelowa ndani kwenye sehemu mbili. Sitaha za hivi ni kama sandwichi, faiba juu, faiba chini, katikati mbao laini ya balsa, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu isiyozibwa vizuri ile mbao inageuka uji. Sehemu zenyewe zilikuwa ndogo, moja chini ya nguzo ya uzio, nyingine pembeni ya winchi, na mlingoti wenyewe umesimama chini kabisa juu ya mkuku, sio juu ya sitaha, kwahiyo hapakuwa na mzigo mkubwa pale. Nyaya za mlingoti hazikuwa na risiti ya tarehe yoyote, na kwa nyaya kama huna tarehe chukulia zimezeeka, miaka kumi mpaka kumi na tano ndo watu wa bima wanaanza kukuuliza maswali. Vyuma vinavyoshika zile nyaya chini ya sitaha vilikuwa na mstari wa kutu ya chai, mkaguzi akataka kimoja king'olewe kabisa, kikang'olewa, kilikuwa na vidoti vya kuliwa pale pale kilipopita kwenye sitaha, mahali maji yanakaa bila hewa. Chuma cha pua kinapenda hewa, ukikinyima kinaoza kimya kimya. Valvu mbili za chini ya maji ukizikwaruza zilikuwa na rangi ya waridi, maana yake zinki imeshatoka kwenye shaba na kilichobaki ni sifongo, gonga kwa nguvu inakatika.

Na mashine. Tulifika asubuhi kabla ya muda, mwenyewe akatuambia karibuni nimeshaiwasha kidogo ipate joto. Nikaweka kiganja juu ya injini, ya moto kabisa. Nikasema sawa, tutarudi jioni, tusiiguse. Jioni tumeiwasha baridi, ikazunguka sana, ikakohoa moshi mweupe, ikashika, moshi ukaisha ndani ya dakika moja hivi. Hakuna moshi wa bluu, yaani haili oili. Ila maji ya kupooza yalikuwa yanatoka kwenye ekzosi kama ya mtu anayekojoa na tezi dume, na fundi akafungua kiwiko cha ekzosi kikawa kimeziba kwa masizi na chumvi mpaka kidole hakipiti. Kiwiko kipya na impela mpya, kile kigurudumu cha pampu ya maji, mchana mmoja wa kazi.

Chini, kwenye mkuku, mkaguzi aligonga saa nzima. Ko ko ko ko. Hakuna pu hata moja. Ubapa wa usukani, ule wa chini ya maji, ukatobolewa tundu dogo chini likatoka maji kijiko kimoja, jambo la kawaida kwa umri ule, chuma chake cha ndani kilikuwa kimekaa imara hakichezi.

Sasa tukaweka ripoti mbili mezani. Mi kwangu swali ni moja tu nalouliza kwenye boti yoyote iliyotumika, hiki kinachokosekana kinanunulika baadae au hakinunuliki? Matanga yananunulika. Rafadha inayokunja inanunulika, na kwa boti ya ukubwa ule peke yake inakurudishia kama nusu noti hivi kwenye upepo mdogo. Tumbo safi ni brashi na rangi. Nyaya, valvu, vyuma, vyote vina bei unaweza kupiga simu leo ukaambiwa. Jiko la kujibana kiuno hununui. Boti inayopita kwenye wimbi bila kubamiza tumbo hununui. Ila pia, na hapa jamaa alikuwa na haki, urefu wa kwenye maji hununui, wala uwiano wa tanga kwa uzito huununui, Nzito hata uivike matanga ya hariri itabaki 14.7 ikiwa imejaa.

Tulibishana hapo usiku mzima. Jamaa alikuwa anasema unaninunulia trekta. Mi nilikuwa nasema kati ya boti mbili hizi trekta ndo lenye sakafu. Na ukweli mwingine ambao hakuupenda, matanga mapya kwenye boti ile yangeongeza mbio na raha kwa mkupuo mmoja, kwa sababu tanga lililonyooka halikulazi, na boti isipolala sana usukani unakuwa mwepesi, otopailoti, ile mashine ya kushika usukani yenyewe, haihangaiki, chai haimwagiki, na mtu wa kutapika hatapiki mapema. Watu wanagawanya mambo haya kana kwamba ukichukua moja umeacha nyingine, wakati kwenye boti iliyotumika mara nyingi vyote viwili vimepotea kwenye sehemu moja, kitambaa kilichochoka.

Wakachukua Nzito. Hawakupeleka ripoti kwa mwenyewe na kumwambia punguza bei, walipeleka bei za mafundi, karatasi kwa karatasi, za nyaya, vyuma, valvu, ekzosi na sitaha, na zote zikafika karibu asilimia 20 ya bei aliyotaka. Alishusha 15. Hakushusha kwa ajili ya matanga, alisema matanga mmeyaona wenyewe mkiwa mnasafiri, na hapo naona alikuwa sahihi. Wao walikuwa wameshatenga robo ya hela pembeni tangu mwanzo, kwahiyo hawakuingia deni, na hii ndo sababu waliweza kununua matanga mawili mapya mwaka ule ule badala ya kungoja.

Niliwashauri jambo moja wakanikatalia na mpaka leo naona wamekosea, niliwaambia mnyororo wa milimita 10 wakate mpaka mita 40 na zinazobaki waunge kamba, wapunguze kilo kama 45 kutoka kwenye pua. Jamaa akasema mnyororo ndo usingizi wake. Sawa, boti ni yake.

Safari yao ya kwanza ndefu niliungana nao. Tanga jipya la mbele, rafadha inayokunja, tumbo safi, upepo noti 12 ukitoka ubavuni, tukaenda noti 6.3 saa nyingi bila kugusa kitu, shemeji amelala sakafuni kwenye mto katikati ya boti ambapo haichezi, kitabu usoni. Kupiga bisho bado ni uvivu, ukitaka kuiona inavyoumia ipelekee wimbi fupi la mbele na upepo mdogo, inapiga kichwa na ule mnyororo wake inasimama. Chini ya noti 8 za upepo hakuna miujiza. Wiki mbili zilizopita jamaa alinitumia ujumbe, "Leo upepo noti 7, tumevumilia saa nzima, tumewasha mashine tena, wewe na trekta lako." Chini yake akaandika shemeji, "Tumefika saa kumi jioni, nanga imeshika. Ila dirisha la mbele bado linavuja."